Seva ya Mbaruku

Katika mchezo wa vita wa kompyuta, Sikudhani hakuwahi kushindwa hata mara moja, lakini miji yake minne ilikwishatekwa, umebaki mmoja tu. Mchezo wao wa watu sita, zamu kwa zamu, ulikaa kwenye seva, kompyuta inayouendesha, nyumbani kwa Mbaruku. Asiyecheza ndani ya muda wa saa kumi na mbili, seva humruka, na mji wake hutekwa bila mtetezi. Mtaani kwa Sikudhani umeme hukatika kutwa nzima. Kwa Mbaruku kuna jenereta. Jumamosi hiyo, kwenye duka la soda wanapokutana wachezaji, Sikudhani alisimama.

"Tuhamie barua pepe. Ukimaliza zamu unamtumia faili anayefuata, naye acheze akipata umeme."

Mbaruku alicheka. "Dada, huo ukale. Mtu akirudia vita kwake mpaka ashinde, nani atamwona? Seva haidanganyi."

"Haidanganyi, inapora tu. Tarehe tatu Machi mji wa kwanza, tarehe tisa wa pili. Nikutajie yote? Huyo wa kurudia vita tutamwita mwizi na kumtimua. Wewe umepora kwa kanuni, na tukakupigia makofi."

"Hata mimi nimerukwa sana," alisema Chande, fundi redio, akanyoosha mkono. Ikafuata mikono mingine mitatu.

Sikudhani akaandika orodha mpya ya zamu. Mbaruku alikuwa wa sita.

"Sasa mimi zamu itanifikia lini?"

"Ikifika, kaka, utaiona."

Akafungua kompyuta yake, akaicheza zamu yake bila haraka, akamtumia faili anayefuata. Mbaruku aliweka simu mezani, kioo juu, akaanza kuitazama.