Changarawe za Kanga

Nguchiro, mwenye macho makali, alimwona Kanga akimeza changarawe, akatangaza kwamba hiyo ndiyo siri ya afya yake. Wanyama wakaacha chakula wakala changarawe. Watoto wa Sungura wakakonda, meno yakawavunjika.

Fuko haoni vizuri, ila ni hodari wa kuuliza. Akamwendea Kanga. "Dada, hebu siku tatu hizi kula changarawe tupu, mtama uache."

"Unataka nife?" Kanga akashangaa. "Mimi sina meno. Changarawe zinanisagia mtama tumboni. Kinachonishibisha ni mtama."

"Mbona hukuwaambia?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Siku hiyohiyo watoto wa Sungura walirudi kwenye majani.

Tangu hapo, dawa mpya ikitajwa, wanyama husema, "Fuko ameshauliza?" Anayeanza kusema hivyo siku zote ni Nguchiro.