Bei Iliyobanduliwa

Asubuhi ile, katika duka la magari, Riziki alikuwa anabandua kibandiko cha bei kwenye kioo cha gari jekundu la mbio, kwa maji ya moto na kucha zake, bosi kamsimamia.

"Gari kama hizi hazipatikani," bosi alisema. "Anayeitaka atalipa ninachotaka mimi."

Mchana akaingia mteja, kijana wa kanzu nyeupe pe. Riziki nusura aangushe birika ya kahawa. Ndiye yule mtoto aliyemlea kwao, mji wa Al Wukair, tangu anatambaa, mpaka akakijua Kiswahili!

"Riyali milioni mbili," bosi akasema. Kijana akashika kalamu.

Riziki akainama kummiminia kahawa. Alijua fika viza yake iko mikononi mwa bosi. Tone la moto likamdondokea kijana kidoleni.

"Baba, usisaini," akanong'ona kwa Kiswahili. "Bei yake milioni na laki mbili. Nimeibandua mwenyewe."

Kijana akainua macho. "Yaya Riziki! Bado unanichunga tu?" Akamgeukia bosi, akasema kwa Kiarabu huku anacheka, "Yaya wangu huyu! Anasema umenipiga laki nane!"

Bosi akacheka naye, akampunguzia laki tano kwa heshima ya yaya. Kijana akamwachia Riziki namba yake, akaondoka, gari linanguruma.

"Weka birika chini," bosi akamwambia Riziki, hacheki tena. "Viza yako naifuta leo."

Riziki akaandika kwenye simu: "Baba, nafukuzwa kwa ajili yako. Rudi uniombee."

Tiki mbili zikageuka bluu. Akaikodolea macho simu mpaka kioo kikazima.