Kidonge Kwenye Kisosi

"Maziwa ndiyo yanayoizuia dawa, mama," muuguzi alimwambia fundi cherehani jana. "Meza kwa maji matupu kabla hujala, kisha subiri saa nzima ndipo unywe chai."

Kumbe! Miaka sita mumewe alimletea kidonge cha tezi ya shingo kitandani, kwenye kisosi cha kikombe cha chai ya maziwa. Kadiri mke alivyozidi kuchoka, ndivyo mume alivyozidisha maziwa. Hata baada ya kumzika, mjane hakuubadili utaratibu.

Asubuhi hii alimeza kwa maji, akaketi kitandani kuisubiri saa. Kisosi kitupu kilikuwa mapajani. Alikipangusa kwa kidole, akizunguka ukingo wake.

"Baba watoto, ulikuwa unaniponza," aliuambia mto wa pili, akicheka.

Akasubiri. Marehemu alikuwa mbishi. Hakuwahi kukubali kosa kimyakimya hivi.