Mikono ya Shomari

Siku hizi watu wa Morogoro hawaendi kiwandani; kiwanda ndicho kinachokuja kuazima mikono yao. Asubuhi Shomari huvaa glavu, huketi sebuleni, na mikono yake huanza kukagua vikombe vilivyoko mbali, mahali asipopajua. Hana haja ya kufikiri. Glavu zenyewe ndizo zinazoiongoza mikono: kikombe kizima huenda kulia, chenye ufa hutupwa kushoto.

Tausi, mkewe, hana cha kulalamika. Mume yupo nyumbani kutwa, wanapiga soga, wanacheka, na saa ya kula anamlisha chapati. Ila mikono ile anaitamani. Zamani Shomari alikuwa akirudi hoi, ananuka udongo, na bado anamshika kiganja mpaka chai inapoa.

Jioni moja, glavu zikiwa zimeshavuliwa, Tausi akamsogelea. "Baba Mwanne, nishike mkono kama zamani."

"Hilo tu? Lete basi, Mama Mwanne."

Akaupokea. Kidole gumba kikapita taratibu juu ya kiganja, na Tausi akafumba macho, moyo ukamlainika. Kidole kikafika kwenye kovu la mafuta ya maandazi, kikasita. Kikarudi, kikalipapasa tena.

Tausi akafumbua macho. Shomari alikuwa akitabasamu, akimsimulia habari za jirani, wala hakuangalia chini. Mkono wake ukauinua mkono wa Tausi, ukausogeza kushoto, ukauachia.

Kisha ukabaki wazi hewani, ukingoja kingine.