Tanuri la Pili

Mzee Miwani aliitazama karatasi juu, akaigeuza akaitazama nyuma, kisha akamrudishia afisa kalamu bila kuandika kitu.

"Ni mahudhurio tu, mzee," afisa wa halmashauri alimwambia kwa upole.

"Nimekusikia, mwanangu." Akaenda zake kukaa viti vya nyuma.

Fundi cherehani, aliyekuwa mlangoni mwa ukumbi wa mkutano akiwapanga watu foleni, alishikwa na kichefuchefu. Hakikuwa cha moshi safari hii. Moshi alikwisha kuuzoea kwa shingo upande, kama kila mtu mtaani. Kilikuwa cha mtu.

Wiki mbili nzima fundi alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba hadi soli ya kiatu ikaachia. Kile kiwanda kilichokuwa kikichoma takataka za mji mzima kupata umeme sasa kilitaka kuongeza tanuri la pili, na bomba lake lingesimama nyuma ya nyumba yake, mkabala na dirisha la bintiye wa mwisho. Mtoto wa miaka saba, akipanda ngazi tatu tu kifua kinapiga filimbi. Halmashauri ilikwisha sema haitasikiliza kelele za watu wachache. Basi fundi akawaambia majirani waje wote, wajiandikishe wote, waonekane walivyo wengi. Waliitika. Hata mwenye bucha, ambaye hajawahi kufunga duka kwa msiba, siku hiyo alifunga.

Isipokuwa Mzee Miwani. Karani mstaafu, na makarani fundi aliwajua: maisha yao yote wanamshikia mkubwa mlango. Vyumba vyake viwili alikuwa amewapangisha mainjinia wa kiwanda, na jioni alicheza nao karata huku wanacheka. Wiki iliyopita alikuja kubisha hodi kwa fundi, bahasha ya kaki mkononi.

"Mama, nina neno kidogo."

"Neno lako kamwambie aliyekutuma," fundi alimjibu, akamfungia mlango usoni. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umepata habari ya ile bahasha, na unene wake ulizidi kila ilipofika nyumba mpya. Tangu hapo salamu za mzee zikawa haziitikiwi.

Ukumbini kampuni ya kiwanda ilikuwa imegawa soda na kofia za njano. Harufu ya tanuri iliingia kupitia madirisha, ile ya nywele na plastiki na samaki waliooza, ikakaa kooni pamoja na soda. Diwani alichokonoa meno, akitikisa kichwa kukubaliana na kila aliyesema, wa upande huu na wa upande ule, kama mjusi ukutani. Daktari wa kampuni akaonyesha picha za mapafu mekundu yanayong'aa. Alisema amepima hewa ya mtaa na hakuona tatizo.

"Harufu si ugonjwa," alisema. "Ni usumbufu."

Fundi alisimama. Hakuwa amepanga hotuba. Alitoa mfukoni shati la sare ya shule, jeupe siku alipolishona, sasa limegeuka rangi ya maji ya kudekia.

"Hili nimelishona juzi, daktari. Halijavaliwa na mtu. Lilianikwa tu."

Akalibwaga juu ya meza. Masizi yakaruka. Daktari akavuta upesi chupa yake ya soda na kuifunika kwa kiganja, na ukumbi mzima ukaona. Watu walipiga makofi mpaka diwani naye akasahau akapiga.

Afisa wa halmashauri peke yake ndiye aliyekuwa na adabu. Alimshukuru fundi, akawashukuru wakazi kwa kujitokeza kwa wingi, akaomba karatasi zipitishwe tena kwenye viti, asije mtu akasahaulika. Fundi alizipitisha mwenyewe. Mama mkwe wake hajui kuandika, kwa hiyo fundi alimshika dole gumba, akalichovya kwenye wino na kuligandamiza mahali pake. Walitimia watu mia nne na kumi na wawili. Afisa alipoitaja hesabu hiyo, fundi alitokwa na machozi.

Wakati wa kurudi alipita mbele ya nyumba ya Mzee Miwani. Mzee alikuwa ametangulia kufika, amesimama kizingitini akitafuta ufunguo. Fundi alikusanya mate yote aliyokuwa nayo, akatema pale pale miguuni pake. Mzee alitazama kiatu chake, akaingia ndani.

Wiki tatu baadaye uamuzi ulibandikwa kwenye ubao wa halmashauri. Fundi alipofika alikuta majirani wamesongamana hapo. Walimpisha.

Jina lake lilikuwa la kwanza, kwa mwandiko wake mwenyewe. Juu yake, pale pasipokuwa na neno siku ya mkutano, palikuwa pamechapwa kwa mashine: *Wakazi walioridhia ujenzi wa tanuri la pili.* Zilifuata karatasi kumi na moja, majina yote aliyoyakusanya, hadi dole gumba la mama mkwe.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya pingamizi. Ilipokelewa barua moja tu, ya Mzee Miwani, kwa mkono uliolala vizuri wa kikarani, ikiomba tanuri lisijengwe kwa sababu nyumba ya jirani ina mtoto mgonjwa wa kifua. Chini ya saini yake alikuwa ameacha mstari mmoja kwa ajili ya mama wa mtoto, na mstari huo ulikuwa mtupu.