Kisweta cha Mtoto wa Nani

Kisweta cha mtoto kilikuwa kimefichwa ndani ya gunia la kahawa. Kipya, chekundu, kina vifungo vyeupe. Na nyumba ya Yunisi haikuwa na mtoto.

Alikirudisha palepale bila kumwambia mumewe, lakini wivu ulimchoma. Kumbe ndiyo maana kila Jumapili, ibada ikiisha, Danieli haonekani mpaka saa tisa! Kuna mwanamke huko, tena amemzalia. Akilini mwake Yunisi alimwona kabisa, kabeba mtoto mgongoni, anamchekea mume wa mtu. Hata kusali kulimshinda. Akifumba macho tu, ni yule mwanamke na mgongo wake.

Jumapili iliyofuata alimshika mkono Bibi Tukuswiga, mzee wa kanisa, kabla hajatoka mlangoni.

"Bibi, twende. Nataka shahidi. Leo namfumania, na kesho mbele ya wazee atengwe meza ya Bwana."

"Danieli huyuhuyu, mwanangu?"

"Ana mtoto nje. Kisweta nimekishika kwa mikono yangu."

Bibi alitikisa kichwa. "Mwache," alisema. "Nenda nyumbani ukapike."

Aa! Kumbe hata bibi anamficha. Roho ilizidi kumuuma Yunisi, akazidi kumvuta. Walimfuata Danieli kwa mbali, wakateremka katikati ya mibuni, baridi ya Juni ikiwauma masikio. Kila hatua bibi alipata sababu: mara goti linamsumbua, mara huko hakuna nyumba ya mtu.

"Ipo," Yunisi alisema. "Na mwenye nyumba nikimshika, nitamchania gauni."

Mwisho wa shamba, chini ya migomba, Danieli alikuwa amepiga magoti. Peke yake. Kisweta alikuwa amekitandaza chini, juu ya udongo uliopaliliwa vizuri, na midomo yake ilikuwa ikisali. Yunisi aliangaza kila upande kumtafuta mwanamke wake.

"Yuko wapi?" alipiga kelele. "Mama wa huyo mtoto yuko wapi?"

Danieli aligeuka, macho mekundu. Hakumtazama mkewe. Alimtazama bibi.

"Bibi, mbona umemleta? Si wewe uliyenikataza, ukasema mama yake asionyeshwe mahali tulipomzika siku ileile aliyomzaa?"