Hodi ya Tatu

Sikudhani alikuwa akimsomea bibi yake riwaya ya mji uliotekwa na askari wa kigeni. Akafika pale askari walipojifunza kubisha hodi kama wenyeji, na mwenye nyumba akaitika karibu.

"Mjinga huyo!" bibi alifoka. "Sisi tulikuwa hatuitiki mpaka hodi ya tatu. Mgeni mwema husubiri. Askari, baada ya mbili, huvunja mlango."

"Kumbe yalikukuta, bibi?"

"Kaka yangu aliitika ya kwanza."

Mara mlangoni, "Hodi!" Sauti ya kiume, ngeni. Sikudhani alitaka kuitika, bibi akamziba mdomo kwa kiganja.

"Hodi!"

Kiganja kilikuwa baridi. Sikudhani naye akajikuta amelikodolea macho komeo, akiomba ya tatu ije.